Chupa nyuma ya mikebe ya chai

Nilikuwa natafuta iliki.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Julai, South C, nyumbani kwa nyanya yangu, na baridi ya Nairobi ilikuwa ile inayokufuata mpaka kitandani. Mpwa wangu wa miaka sita alikuwa amejilaza kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni, kifua kikimpigia filimbi. Nyanya alikuwa akipika chai ya maziwa, akaniambia nimpe iliki kabatini. Nikapapasa nyuma ya mikebe, mkono ukagusa kitu kilichofungwa kwa kipande cha leso kuukuu. Ndani ya leso mlikuwa na gazeti. Ndani ya gazeti, chupa ndogo ya kioo, ya dawa ya kikohozi, kibandiko kimebanduliwa.

Kizibo hakikuwa kimekazwa vizuri. Harufu ilinifikia kabla sijajua nimeshika nini: shombo, lakini si la samaki. Zito zaidi, kama samli iliyolala karibu na papa mkavu. Nikaiinua chupa dirishani. Mafuta yalikuwa ya manjano yanayoelekea kijani, na kwa ile baridi yalikuwa yameganda chini kiasi cha upana wa kidole.

"Nyanya, hii ni nini?"

Hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Dawa ya kifua ya mtoto. Irudishe ulipoitoa."

"Dawa gani?"

"Weye waijua."

Naijua.

Mafuta ya kasa.

## Mayai 117

Nyumbani kwetu mimi huitwa Mama Kasa. Jina hilo walinipa niliporudi kutoka Lamu mwaka 2022, nilikokaa wiki mbili na watu wanaokesha ufukweni kulinda viota. Nilienda kama mgeni wa kutazama tu. Nilirudi mtu mwingine, na tangu hapo sijaacha kuwasimulia ndugu zangu usiku mmoja.

Usiku huo tuliziona alama zake kwanza. Mfereji mpana mchangani, kama trekta limetoka majini na kupanda ufuo. Kiongozi wa doria alituzimisha tochi zote, akabaki na moja ya mwanga mwekundu, kwa sababu mwanga mweupe humtisha kasa akarudi baharini na mayai yake. Tukalala kifudifudi nyuma yake. Alikuwa ameshajichimbia shimo la kujilaza, na sasa alikuwa anachimba la mayai kwa mapezi ya nyuma. Pezi moja lilizama, likajikunja kama kiganja, likapandisha mchanga kiasi cha kikombe cha chai, likauweka kando polepole bila kuumwaga. Kisha pezi la pili likashuka zamu yake. Kushoto, kulia, kushoto. Hakuwa na namna ya kuona anachokifanya. Kichwa chake kilitazama vichakani na kazi yote ilikuwa nyuma yake, gizani.

Shimo lilipopita kina cha mkono wangu kutoka vidole hadi juu ya kiwiko, akaanza kutaga. Mawili mawili, matatu matatu, meupe, duara, yakiteleza kwa ute. Ganda lake ni laini, linabonyea kama ngozi. Tulihesabu 117.

Machozi mazito yalimtiririka yakachanganyika na mchanga. Ilikuwa chumvi, kando ya macho ana tezi zinazomtolea chumvi ya maji anayoyanywa. Nililijua hilo hata wakati ule, na bado nililia.

Kilichonishika zaidi ni hesabu niliyopewa asubuhi, tukinywa chai. Katika vifaranga elfu moja, anayefika utu uzima ni kama mmoja. Huchukua miaka 25 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na anapokuwa tayari hurudi pwani ile ile alikoanguliwa. Msimu mmoja hutaga viota vitatu, vinne, hata vitano, akipumzika kama wiki mbili kati ya kimoja na kingine, kisha harudi upesi: miaka miwili, mitatu, minne baharini. Kwa hiyo mama yule anahitaji misimu miwili au mitatu ya kutaga ili apate mtoto mmoja tu wa kushika nafasi yake. Na ni ufuoni, usiku, akiwa mzito na hawezi kukimbia, ndipo mtu mwenye kisu anapompata kwa urahisi zaidi kuliko mahali popote.

Sasa fikiria uso wangu pale jikoni, chupa mkononi.

## Habari ya Panza

Nilikosea siku ile, na kosa hilo ndilo lililonikosesha usingizi wiki zote hizi.

Nilitoa simu nikatafuta habari ya Panza. Wengi mtaikumbuka: Machi 2024, kisiwa kile kidogo cha Pemba, watu tisa walikufa kwa kula nyama ya kasa, na wanane kati yao walikuwa watoto. Novemba 2021, huko huko Pemba, walikuwa wamekufa watu saba. Sumu yenyewe kuipika hakuiondoi. Kasa mwenyewe huonekana mzima, nyama haina harufu mbaya, na kasa kumi unaweza kuwala usidhurike. Watoto ndio wa kwanza kuzidiwa. Hata anayenyonya anaweza kuipata kwa maziwa ya mama aliyekula.

Niliisoma kwa sauti. Nilitaka Nyanya ashtuke.

Nilipomaliza, sauti iliyojibu ilitoka kwenye kochi. "Halati, na mimi nitakufa?"

Alikuwa ameshapewa kijiko asubuhi ile, pamoja na asali, na kupakwa kifuani.

Nilimkumbatia nikamwambia hapana, hapana, kwamba wale walikula nyama. Nyanya alizima jiko. Akaja akakaa upande wa pili wa mtoto, akamfunika vizuri, akasema bila kunitazama: "Umemtia mtoto hofu kwa ajili ya mnyama."

Niliondoka bila kunywa chai.

Njiani nilipita karibu na makao makuu ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Lang'ata. Kutoka South C si mbali. Najua sheria ya mwaka 2013 inasemaje kuhusu mtu anayekutwa na kitu kilichotoka kwa kasa, kiwe gamba, nyama au mafuta. Nimewahi kusimama mbele ya wavuvi na kuieleza sheria hiyo kwa sauti thabiti. Siku ile nilipita nikitazama mbele, kama mtu aliyebeba kitu kwenye mkoba.

## Kusi haitoi mashua

Wiki tatu hatukusemezana sawasawa. Salamu tu, na "mtoto aendeleaje". Ya nne nilienda, nikakaa jikoni nikimenya viazi, na safari hii sikusema neno la kasa.

Akaanza mwenyewe.

Yeye ni wa Kizingitini, kisiwani Pate. Alinisimulia babu yake, aliyevua kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kibandiko kichwani anayejigandisha kwenye papa na kasa. Walimfunga kamba mkiani, wakamweka hai chomboni, na walipomwona kasa wakamtosa. Chazo akaenda kunasa gambani, asiachie, na wao wakavuta kamba taratibu. Nilikuwa nimewahi kusoma juu ya uvuvi huo. Sikujua kwamba umo ndani ya damu yangu. Alipokuwa akisimulia, mikono yake ilivuta kamba isiyokuwepo, na aliishika kwa namna ambayo haisomwi popote.

Halafu akanisimulia nduguye.

Alikuwa mdogo wake, wa kumfuata, mwenye pumu. Hospitali ilikuwa mjini Lamu, na Lamu ilikuwa ni safari ya mashua, na kusi ikivuma mashua haitoki. Usiku ambao kifua kilibana, mama yao alikuwa na vitu vitatu: mvuke wa majani, dua, na mafuta ya kasa. Alimpaka, akamnywesha, akamshika amekaa wima mpaka alfajiri. Mara nyingi kulikucha mtoto akiwa hai. Mara moja hakukucha hivyo.

"Hakuwa na kitu kingine," Nyanya alisema. "Na weye ulipokuja na simu yako hukuniuliza nina kitu gani kingine."

Nilimenya kiazi mpaka kikabaki kidogo mno.

Ni kweli. Sikuuliza. Mafuta ya kasa hayafungui mirija ya mapafu iliyovimba. Hilo nalisema bila kutikisika. Lakini dada yangu anafanya kazi za zamu, na mtoto alikuwa ameandikiwa inhela mbili: moja ya kuvuta akibanwa, nyingine ya kila siku ya kuzuia uvimbe. Ya kwanza ni rahisi kidogo. Ya pili, ile ambayo ndiyo hasa ingemwokoa na Julai, iliisha mwezi Mei, na bei yake ni kama umeme wa nyumba wa mwezi mzima. Hawakuinunua tena. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu mimi nikija nazungumza habari za kasa.

Nyanya alipiga simu Lamu. Chupa ikapanda basi Mokowe, ikafika Nairobi imefungwa kwenye leso.

Nikakumbuka mikutano yetu ufukweni. Tulikuwa na jibu kwa mvuvi aliyemnasa kasa kwenye jarife kwa bahati mbaya: kuna vikundi vinavyomfidia ili amwachilie. Watamu kazi hiyo imefanywa kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliyeona kiota akaripoti, naye tulikuwa na jibu lake. Hata kiota kilichochimbwa chini mno, ambapo maji ya bamvua yangekifikia, tulijua namna ya kukihamisha yai kwa yai bila kuligeuza. Ila sikumbuki hata mara moja mtu akisimama kuuliza: wagonjwa waliokuwa wakitegemea mafuta haya, mmewaachia nini?

Mimi pia sikusimama.

## Chupa ya soda

Jumatatu iliyofuata niliomba ruhusa kazini nikawachukua wote wawili, Nyanya na mtoto, kwenye zahanati.

Muuguzi alikuwa dada wa makamo, mpole. Alimtazama mtoto akivuta inhela, akatikisa kichwa. Dawa yote ilikuwa inaishia ulimini na kooni. Akauliza kama tuna kile chombo cha kuvutia dawa, kinachounganishwa na inhela. Hatuna. Basi akatoa chupa ya soda ya nusu lita, tupu, imeoshwa. Akapasha waya moto kwenye jiko la spiriti, akaukunja kwa umbo la mdomo wa inhela, akatoboa kitako cha chupa. Plastiki ilinuka, ikayeyuka kidogo pembeni. Akaingiza inhela pale, ikakaa sawasawa, akazungushia plasta ili hewa isitoroke.

"Weka mdomo hapa. Mimi nabonyeza, wewe pumua kama kawaida. Moja. Mbili. Tatu."

Ndani ya chupa ukungu mweupe ulijaa, ukazunguka, kisha ukavutwa wote kuelekea mdomoni mwa mtoto.

Nyanya alisogea. Aliomba aishike. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye tundu, akachungulia ndani kama anayekagua chombo kabla hakijashushwa majini. Akauliza maswali mengi kuliko mimi: ioshwe kwa nini, ikaushwe vipi, ibadilishwe baada ya muda gani. Muuguzi alimjibu kila swali, akimwita "mama".

Njia nzima ya kurudi Nyanya aliishika mapajani.

## "Si wameongezeka?"

Oktoba binamu yangu alinitumia habari bila maneno mengine: muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, umemtoa kasa wa kijani kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Duniani kwa jumla wameongezeka. Chini yake akaandika, "Si wameongezeka? Mwache nyanya apumue."

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini furaha yenyewe ilinikwamisha. Kama kasa wanaongezeka, basi ugomvi wangu jikoni ulikuwa wa nini? Hofu niliyomtia yule mtoto, nilimtia kwa ajili gani?

Nililala na swali hilo siku kadhaa. Nilichofikia ni hiki. Wameongezeka kwa sababu kwa miongo mingi kuna watu waliokesha. Mtu fulani alilala kifudifudi mchangani badala ya kulala kwake. Mtu mwingine alimnasa kasa wa thamani ya karo ya mtoto wake akamrudisha majini. Ongezeko hilo ni jasho la watu hao, na siwezi kulichukua kuwa ruhusa. Tena si kila ufuo umepata sehemu yake, na si kila jamaa wa kasa. Ng'amba, ambaye magamba yake yalisafirishwa kutoka pwani hii tangu enzi za mabaharia wa Kiyunani karibu miaka elfu mbili iliyopita, bado yuko kwenye kundi la walio karibu zaidi na kutoweka.

Hayo nilimjibu binamu. Hakujibu. Sidhani kama nilimridhisha, na sehemu ndogo ya moyo wangu haijaridhika pia.

## Mai mekundu

Swali lililonishinda kabisa lilitoka kwa Nyanya, siku moja tu tukiwa tumekaa.

"Ukienda Lamu kwa basi, ukivuka lile daraja kubwa la karibu na Malindi, mai ya pale mekundu. Yatoka wapi?"

Sabaki. Nikaanza kumweleza kwamba Sabaki ndiyo Galana, na Galana ndiyo Athi, na Mto Nairobi unaingia Athi. Nikajisikia maneno yanapungua mdomoni.

Yatoka huku.

Mto unaopita nyuma ya Kirinyaga Road, unaopita Gikomba na mifuko ya vitambaa na vibuyu vya plastiki, unashuka nchi nzima na kutoka baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Watamu iko upande wa kusini wa pale, nayo ina kituo cha kutibu kasa. Baadhi yao huletwa wakielea, hawawezi kuzama kula, kwa sababu plastiki imeziba matumbo na gesi imejaa. Kasa akiona mfuko unaelea huudhani yavuyavu. Mifuko tuliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tofauti naiona kwa macho yangu, hasa kwenye miti na nyaya. Mtoni bado naona chupa.

"Basi na weye," Nyanya alisema, "wawapelekea kasa mambo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga vyombo, kila kimoja mahali pake. Miaka yote nilikuwa nikiitazama Lamu kama mahali ambapo kasa wanadhurika, na Nairobi kama mahali ambapo mimi nawahurumia.

## Nusu

Jumapili iliyopita nilimkuta kibarazani, chupa iko mbele yake mezani. Mtoto alikuwa chini uwanjani anacheza mpira na wenzake. Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, majira ambayo kwa kawaida yangemlaza, na tangu Septemba hajabanwa usiku hata mara moja.

Kibarazani Nyanya ana chungu cha asumini. Mche wenyewe ulitoka Lamu, na mchanga wake pia, ndani ya gunia, mwaka alipohamia huku. Alinyanyua shina kwa mkono mmoja, akachimba kwa kijiko kandokando ya mzizi, akafungua chupa. Mafuta yalitoka polepole. Alimwaga akisoma kitu chini ya pumzi, sikusikia maneno. Mchanga ukayanywa, ukabadilika rangi.

Kisha akasimamisha chupa. Akaiinua mwangani nilivyofanya mimi siku ile, akapima kwa macho. Ilibaki nusu.

Akaikaza kizibo.

"Ile ilikuwa ya mtoto," akasema. "Hii ni ya magoti yangu."

Akaifunga kwenye gazeti, gazeti kwenye leso, akaingia ndani. Nilimsikia akisogeza mikebe ya chai. Nilibaki kibarazani na harufu ile ya shombo ikipanda kutoka kwenye chungu, na jikoni, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliiona chupa ya soda imeinamishwa kwenye kitambaa cheupe ili ikauke, tundu lake limetazama juu.